Nilipunguzwa tumbo, mbona njaa imerudi?

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeianza mara nne nikaifuta. Leo nimeamua niimalize kabla watoto hawajarudi.

Nina miaka 41. Miezi minane iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo, ule ambao sehemu kubwa ya mfuko hukatwa na kutolewa kabisa, kinabaki kitu kama mrija. Nilikuwa na kilo 127. Leo nina 89. Magoti yameacha kuniuma, dawa ya presha daktari amenipunguzia, ngazi za kazini napanda bila kusimama katikati. Nakuambia haya ili ujue kwamba sijuti.

Miezi sita ya mwanzo sikujua njaa ni nini. Nilikuwa naweka kengele kwenye simu inikumbushe kula. Nikawaambia watu kwamba mimi na njaa tumeshaachana. Basi mwezi wa saba ikarudi. Mwanzoni nilidhani ni uchovu tu, itapita. Sasa ni wiki ya sita, kila usiku.

Mchana siko vibaya. Asubuhi nakunywa kahawa ya maziwa, naondoka. Mchana nakunywa supu ya mboga niliyobeba kwenye chupa, kwa sababu inashuka kirahisi na wenzangu kazini hawaniulizi maswali. Jioni tunakula wote mezani, na hapo ndipo pagumu. Wifi yangu anaishi nasi. Nikila vijiko vitatu anasema nimekuwa kama mgonjwa, nile basi. Siku nilipofika kijiko cha sita akacheka: "Hee, si ulikatwa tumbo wewe? Hicho chote kinaingia wapi?" Watoto wakacheka. Mume wangu hakucheka, lakini niliona macho yake yako kwenye sahani yangu. Tangu siku hiyo nachukua kipande kidogo cha kuku na mboga kidogo, na glasi ya maji ya kushushia, nasema nimeshiba.

Saa nne usiku, wote wamelala, mimi niko jikoni. Nimesimama, taa sijawasha, nakula biskuti na chai ya sukari. Pakiti nzima naimaliza na sishibi, Shangazi. Kipande cha nyama kinanijaza mpaka kifuani, lakini pakiti ya biskuti inapita kama maji. Halafu kuna kitu hapa chini ya kifua kinatafuna, kinawaka. Nikila kinatulia, baada ya muda kinaanza tena. Nikilala natazama video za mapishi mpaka usingizi unichukue. Usiku mwingine naamka saa saba natokwa jasho, mikono inatetemeka, nina njaa kama mtu ambaye hajala wiki nzima, nakula tena. Asubuhi pakiti tupu naificha chini ya takataka nyingine.

Mizani imesimama wiki tatu. Kliniki nimeruka mara mbili. Mara ya mwisho aliyenipima aliniuliza, "Unajitahidi kweli?" Nikasema ndiyo, nikaenda chooni nikalia. Dawa ya asidi waliyonipa iliisha mwezi wa tatu, sikufuata nyingine.

Upasuaji tuliufanya kwa mkopo na bado tunalipa. Je, tumbo limetanuka tena? Nimeharibu kila kitu? Njaa hii niifanye nini? Na nimwambieje mume wangu kwamba mkewe anakula gizani?

Anayekula gizani

*

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuimaliza barua.

Kabla ya kushika safu hii nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka mingi, na mazoea ya wodi hayajanitoka. Mara ya kwanza barua yako niliisoma kama mzazi. Mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi, nikaandika kila saa uliyoitaja na kila ulichokula, kama tulivyokuwa tukijaza chati ya mgonjwa. Chati ilipokamilika, biskuti hazikunishtua. Ulionishtua ni mchana wako.

Hesabu pamoja nami. Kahawa ya maziwa, gramu mbili tatu za protini. Supu ya mboga, nyingine tatu. Kipande kidogo cha kuku, tuseme tisa. Mboga, mbili. Ni gramu 17 hivi kwa siku nzima. Waliofanyiwa upasuaji kama wako kwa kawaida huelekezwa wapate gramu 60 hadi 80 za protini kila siku. Wewe unapata robo ya hizo, kisha unafanya kazi, unapanda ngazi, unalea watoto, na ikifika saa nne usiku mwili unakuja kudai. Njaa yako ya usiku ni deni la mchana. Barua nzima umeiandika kama mtu anayeungama ulafi, na mimi katika chati ile mlafi simwoni. Namwona mtu anayeshinda na njaa kwa sababu anaona aibu kula mbele za watu.

Umeuliza kama tumbo limetanuka. Mrija uliobaki hulegea kiasi kadiri miezi inavyosonga, kwa kila mtu, na madaktari wanalitarajia hilo. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba kipande cha nyama kinakujaza mpaka kifuani. Mfuko uliorudi kuwa mkubwa haujazwi na kipande kimoja. Biskuti zinapita kwa sababu zinalainika mdomoni na kuwa uji, zinateleza, hazikai. Chipsi za pakiti, aiskrimu na keki hupita vilevile. Kwa hiyo pakiti nzima kuingia haina maana kwamba kuna nafasi mpya. Upasuaji wako haujaharibika, na wala hukosei kusema kwamba hushibi, kwa sababu chakula cha aina hiyo hakishibishi mfuko wa umbo hilo.

Kwa nini basi miezi sita hukusikia kitu? Mfuko wa tumbo hupokea chakula, na pia hutoa homoni. Mojawapo inaitwa grelini. Watafiti wa Japani, Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao, ndio walioitambulisha mwaka 1999, na kazi yake moja ni kuuarifu ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Nyingi hutengenezwa sehemu ya juu ya mfuko, pale palipotuna kama kuba. Katika upasuaji wako asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huondolewa, na kuba lile huondoka nalo. Hapohapo chakula kikaanza kufika kwenye utumbo haraka kuliko zamani, na utumbo una homoni zake za shibe, kama GLP-1, ambazo zikapanda zaidi baada ya kila mlo. Ndiyo maana ulihitaji simu ikukumbushe kula.

Lakini grelini haiishi yote, kwa kuwa utumbo mwembamba nao hutengeneza kiasi. Tena kuna upande wa mafuta. Mafuta ya mwilini hutoa homoni nyingine, leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo. Umepungua kilo 38, leptini imeshuka, na ubongo unapokea habari kwamba ghala limepungua. Ubongo haujui kwamba ulikusudia. Unaanza kukusukuma ule. Mtu yeyote aliyekuahidi kwamba hutasikia njaa tena maisha yako yote alikuahidi kisichokuwepo, na ahadi hiyo inaniudhi kila ninapokutana nayo, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wajione wameshindwa siku njaa inaporudi. Kurudi kwa njaa katika mwaka wa kwanza au wa pili ni jambo la kawaida kabisa.

Uliandika kwa mstari mmoja tu kwamba usiku unatazama video za mapishi. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya, waliojitolea, karibu kwa nusu, kwa miezi sita. Vijana wale, ambao awali mapishi hayakuwahusu, walianza kusoma vitabu vya mapishi, kuota chakula, kuzungumza chakula kutwa. Chakula kiliporudishwa, baadhi yao walikula mpaka tumbo likajaa na bado wakasema hawajatosheka. Hawakuwa na udhaifu wowote wa tabia. Mwili uliopungukiwa huigeuza akili yote ielekee kwenye chakula, na video zako za saa tano usiku zinaniambia kwamba ndipo ulipofika.

Sasa tuje kwenye kile kinachotafuna chini ya kifua, maana hicho nadhani hakijatoka kwenye njaa peke yake. Maneno yako ni haya: kinatafuna, kinawaka, nikila kinatulia, baada ya muda kinaanza tena. Wodini tulikuwa tukisikia maneno hayo kwa mgonjwa tunafikiria asidi. Mrija mwembamba una shinikizo kubwa ndani kuliko mfuko wa zamani, na kiungulia ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida baada ya upasuaji wa aina yako. Asidi ikichoma, ubongo huweza kuitafsiri kuwa njaa, kwa sababu inatulia ukila. Wewe dawa uliiacha mwezi wa tatu, asubuhi unaanza na kahawa juu ya tumbo tupu, na chakula chako kikubwa unakila usiku kisha unalala. Mwambie daktari akutazame upya kuhusu dawa ya asidi. Usinunue tu ukaendelea nayo mwaka mzima bila kupimwa, maana huenda akataka kuingiza kamera aone kama kuna kidonda au mchubuko. Kwa sasa sogeza kahawa ije baada ya kifungua kinywa, acha kula muda wa saa tatu kabla ya kulala, na inua kitanda upande wa kichwa. Na kama unameza dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki kwa ajili ya yale magoti ya zamani au maumivu ya hedhi, mwambie daktari leo, kwani zinaweza kuchuna tumbo na hushauriwa ziepukwe baada ya upasuaji huu.

Na ile saa saba ya usiku, jasho na mikono kutetemeka, ina maelezo yake. Chai ya sukari na biskuti zikishuka haraka kwenye utumbo, sukari ya damu hupanda ghafla, mwili unamwaga insulini nyingi, na baada ya saa moja hadi tatu sukari inaanguka chini ya kiwango. Inapoanguka, mtu hutoka jasho, hutetemeka, moyo hudunda, na anashikwa na njaa isiyosubiri. Hali hii huwapata zaidi waliofanyiwa upasuaji wa aina nyingine, ule wa kuunganisha tumbo na utumbo, lakini hata wenye mrija kama wewe huwapata. Tazama saa zako: biskuti saa nne, kuamka saa saba. Hapo umepita muda wa saa tatu kamili. Ukila biskuti tena ndipo gurudumu linapozunguka. Tafuta kipimo cha sukari cha kidole, ujipime ukiamka hivyo. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, sukari imeshuka. Ikiwa hivyo, kunywa nusu glasi ya juisi, subiri robo saa, kisha kula kitu chenye protini kama yai. Andika namba uliyoiona uende nayo kliniki. Na kama bado unatumia dawa yoyote ya kisukari, usingoje siku ya kliniki, piga simu, kwa sababu dozi ya mtu wa kilo 127 inaweza kuwa kubwa mno kwa mtu wa kilo 89.

Basi ule vipi? Nitakupa siku moja kama mfano, mtaalamu wako wa lishe ataichonga ikufae. Saa moja asubuhi, mayai mawili, gramu 12. Saa nne asubuhi, bakuli dogo la mtindi usio na sukari, gramu saba. Saa saba mchana, samaki wa gramu 80 hivi pamoja na mboga, gramu 17. Saa kumi, kikombe cha maziwa, nane. Saa moja jioni, kuku wa gramu 60, nyingine 17. Umefika 61, na hakuna mlo hata mmoja mkubwa kati ya hiyo. Usipokula nyama, maharage, dengu na jibini vitakusaidia, ila itabidi uhesabu kwa makini zaidi. Protini uianze kwanza kwenye sahani, mboga zifuate, wanga uje mwisho kama nafasi ipo.

Supu ya kuchuja iache iwe kinywaji cha kupasha moto mwili, isiwe chakula cha mchana. Ilikufaa wiki za mwanzo, wakati kidonda kilikuwa kibichi. Mwezi wa nane kitu cha majimaji kinapita kabla hakijasema neno na ubongo. Unahitaji chakula kigumu, unachokitafuna mpaka kiwe laini, polepole, mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Na ile glasi ya maji ya kushushia iondoe mezani. Maji ukiyanywa na chakula hukisukuma kishuke upesi. Kunywa kabla, kisha subiri nusu saa baada ya mlo ndipo uendelee, ufikishe angalau lita moja na nusu kwa siku, kidogokidogo. Kiu nayo huvaa nguo za njaa, hasa alasiri.

Ukihisi kwikwi, pua kutoa maji ghafla, au mgandamizo chini ya mfupa wa kifua, hapo acha, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Shibe yako ya sasa inazungumza kwa dalili hizo, na wengi hawakuambiwa.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Nitumie methali hiyo kukupa kipimo. Usiku njaa ikikujia, jiulize: je, yai la kuchemsha ningelila? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni njaa ya tumbo, haichagui. Washa taa, kaa kwenye kiti, ule yai lako kwa amani. Kama yai hulitaki na moyo unataka biskuti tu, basi kuna kitu kingine kinachoomba, uchovu, upweke, hasira ya yaliyosemwa mezani, au mazoea ya saa ile tu. Hamu ya namna hiyo hupanda kisha hushuka. Oga, piga mswaki, mwandikie rafiki, nenda kalale mapema. Usingizi mfupi wenyewe huweza kupandisha grelini na kushusha leptini, na wewe hulali kabla ya usiku wa manane. Hata hivyo nakuonya usianze na kipimo hiki. Anza na mchana. Mtu mwenye deni la gramu 40 hana nguvu ya kubishana na hamu, na akishindwa atajilaumu bure.

Kitu kimoja hukukitaja, nakuuliza tu: je, umeanza kutamani kutafuna barafu, au kula udongo au wanga mbichi? Wengine huwapata baada ya upasuaji wakadhani ni njaa mpya, kumbe damu imepungukiwa madini ya chuma. Vipimo vya chuma, vitamini B12 na vitamini D hufanywa kila mara kwenye kliniki zile ulizoruka.

Naijua ile sentensi ya "unajitahidi kweli". Haikupaswa kusemwa, na nasikitika kwamba ulikwenda kulia chooni. Lakini kliniki unaihitaji wewe kuliko wao. Rudi, na kama unaweza omba kuonana na mtu mwingine. Kwa siku saba andika kwenye daftari saa, ulichokula, njaa ilikuwaje, na sukari kama umepima. Biskuti ziandike zote. Ukienda na daftari, mazungumzo yatakuwa juu ya daftari, hayatakuwa juu ya tabia yako. Ukiona kula kwa usiku kunakushinda hata baada ya mchana kukaa sawa, unakula bila uwezo wa kusimama kisha unajichukia, omba mnasihi au mwanasaikolojia anayejua mambo ya kula. Na siku hizi kuna dawa zinazoiga ile GLP-1 ya utumbo, kama liraglutaidi na semaglutaidi, ambazo madaktari huwapa baadhi ya watu waliofanyiwa upasuaji na njaa ikarudi kwa nguvu. Daktari akikutajia, zichukue kama ulivyochukua dawa ya presha.

Usipotee kwenye mizani. Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu waliofanyiwa aina mbalimbali za upasuaji wa uzito, wakawafuatilia miaka mingi. Uzito ulifika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, ukapanda kiasi, kisha ukatulia. Waliounganishiwa tumbo na utumbo walikuwa bado wako chini kwa asilimia 25 baada ya miaka 10. Mizani kusimama wiki tatu katikati ya mwaka wa kwanza ni jambo ambalo karibu kila mmoja wao angekusimulia.

Dalili za kukufikisha hospitali haraka ni hizi: kutapika kusikokoma au hata maji kutokukaa, maumivu makali ya tumbo, homa, choo cheusi kama lami, moyo kwenda mbio ukiwa umepumzika, pumzi kukatika, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kutapika kwa siku nyingi huweza kumaliza vitamini B1 mwilini na kuudhuru ubongo, kwa hiyo usikuvumilie ukidhani kutakupunguza. Pombe nayo, kama unagusa, fahamu kwamba sasa inaingia kwenye damu upesi kuliko zamani, na wapo walioiweka mahali pa chakula bila kujijua.

Tumebaki na meza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wifi yako sidhani kama anajua alichokivunja siku ile. Hahitaji mhadhara. Mwambie siku mkiwa wawili, bila watoto: "Wifi, daktari amenipangia ninavyokula. Naomba sahani yangu isizungumzwe, ikiwa ndogo au kubwa." Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida. Akirudia mbele ya watu, jibu "tulishazungumza wifi" na uendelee kutafuna. Watoto waeleze kwamba mama anakula mara tano kidogokidogo. Watoto huzoea upesi kuliko sisi.

Na mume wako. Umesema hakucheka, alitazama sahani. Umelichukua lile tazamo kuwa hukumu ya mkopo. Mimi sikuwepo, lakini mwanamume aliyekopa ili mkewe apande ngazi bila kusimama huenda alikuwa anahofia kwamba huli vya kutosha, akashindwa pa kuanzia. Usimwambie jikoni usiku, wala usimwambie ukiwa umebeba pakiti tupu kama ushahidi wa kosa. Mchague saa mkitembea pamoja, au mkiwa kwenye gari, mahali ambapo hamtazamani usoni. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Njaa yangu imerudi. Kumbe ni kawaida, kumbe mchana nilikuwa sili. Usiku nimekuwa nikila biskuti peke yangu na naona aibu. Narudi kliniki, nataka twende wote." Halafu nyamaza, umwache aseme.

Kesho asubuhi, kabla ya kahawa, yale mayai mawili. Siku saba zikipita niandikie uniambie namba za saa saba usiku zilisemaje.

Wako,
Shangazi